Kitambaa cha Kijani Nyuma ya Baba

Baba yangu alihamia kwangu Bukoba baada ya madaktari kutuambia kwamba uvimbe uliokuwa kwenye ini lake hauwezi kukatwa. Hospitali ilimtaka kila wiki, na kutoka kwetu Ijumbi hadi mjini ni safari ndefu kwa mtu ambaye kila shimo la barabara linamfanya ashike tumbo. Nilimpa chumba changu cha kulala. Mimi nikahamia chumba cha mbele, ambacho ndicho studio yangu: meza, kompyuta, taa mbili za kusimama, na kitambaa cha kijani kilichofunika ukuta mzima.

Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri video. Harusi, kipaimara, misiba, na kwaya. Kitambaa nilikinunua kwa ajili ya kwaya, kwa sababu wanakwaya wakishaimba hapa mtaani kwangu Hamugembe wanataka waonekane wamesimama kando ya maporomoko ya maji au juu ya mlima wenye theluji. Kwa miaka yote hiyo baba alikuwa hajaniona nikifanya kazi. Kwa majirani alisema binti yake mkubwa anashughulika na kompyuta, na hapo habari iliishia.

Sasa alikaa kwenye kiti karibu na mlango, amejifunika shuka miguuni, akinitazama. Mwezi wa tano hivi aliuliza, "Hiki kitambaa kinafanya nini?"

Nilimweleza kwa Kihaya, lugha tuliyozungumza siku zote. Nilisema mtu anakaa mbele yake, ninamrekodi, halafu kompyuta inaondoa kila kilicho kijani. Anabaki mtu peke yake. Kisha ninaweka nyuma yake mahali pengine.

"Mahali popote?"

"Popote, Tata."

"Hata nyumbani?"

Nikasema hata nyumbani. Akasema, "Mdogo wako anaagwa kwenda kwa mumewe baada ya Pasaka. Mimi sitafika."

"Utafika."

"Usinijibu kama nesi," alisema, bila hasira. "Nichukue wewe. Niweke mbele ya mlango wetu, migomba iwe nyuma yangu, nimbariki mtoto."

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Alikuwa mwalimu Kamachumu, na baba alimpenda kwa namna ambayo sisi wengine tulikwisha kuizoea na kuisamehe. Kumkatalia jambo hilo haikuwezekana. Lakini ombi lake lilikuwa na tatizo ambalo yeye hakulijua.

Migomba haikuwepo tena.

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, uliingia kwenye kibanja chetu, shamba la kuizunguka nyumba, mwezi mmoja baada ya baba kuondoka. Majani yalianza kugeuka manjano, ndizi zikawa zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua unakuta ndani zimeoza rangi ya kahawia. Afisa ugani alikuja, akakata mgomba mmoja shinani, akamwonyesha mama ule utomvu wa manjano ukitoka. Akasema yote ing'olewe, ikatwe vipande na kufukiwa. Kibanja kile baba alikirithi kwa baba yake. Kilikuwa kinaanza kwenye kizingiti cha mlango na kushuka mpaka bondeni, na tulipokuwa watoto jua la mchana lilikuwa halitufikii humo. Mama aliponipigia simu kunieleza, alimaliza kwa kusema, "Baba yako asijue. Ana mzigo wa kumtosha." Nilikubali, na mdogo wangu akakubali. Baba alipouliza habari za shamba tulimjibu kwamba mvua zinanyesha, na hilo lilikuwa kweli.

Nilimrekodi asubuhi moja alipokuwa na nguvu. Alivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, akashika mkongojo wake katikati ya magoti. Chumba ni kidogo. Mtu anapaswa kukaa mbali na kitambaa, angalau hatua tatu, la sivyo kijani kinamrudia mwilini kama vile mwanga unavyorudi kutoka kwenye ukuta uliopakwa rangi. Niliona kwenye kioo cha kamera kwamba pembezoni kanzu ilikuwa imeanza kuwa na kijani. Nilitaka kumwomba asogeze kiti. Lakini kukaa pale kulikuwa kumemchukua muda mrefu, na mkono wake wa kulia, ulioshika mkongojo, ulikuwa unatetemeka. Nikasema moyoni nitalirekebisha kwenye kompyuta.

Alizungumza dakika nne hivi. Alimtaja mdogo wangu kwa jina lake la utotoni, akamwambia asiwe mwepesi wa kununa, aheshimu wakwe zake lakini asiwaogope. Kisha akasema, "Hii migomba unayoiona nyuma yangu ndiyo iliyokulea. Ilikulisha, ikakusomesha. Ukipata taabu huko uendako, ukumbuke kwamba nyumbani bado ipo."

Nyuma yake kulikuwa na kitambaa tu. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, na nilishukuru kwamba hakuweza kuniona vizuri kwa sababu ya taa.

Ilibidi nipate migomba. Nilikwenda Kamachumu kwa shangazi, dada yake baba, ambaye kibanja chake kilikuwa bado hakijaguswa na ugonjwa. Nilichagua mahali ambapo mlango wa nyumba yake ulifanana na wetu, nikarekodi majani yakipeperuka polepole. Shangazi aliniuliza ninachofanya, nikamweleza. Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Kisha ikaanza kazi ya kumtoa baba kwenye kijani. Watu wengi wanadhani ni kubonyeza tu. Katika programu yangu kuna zana kadhaa za kufanya hivyo, na kila moja ina namna yake ya kukosea. Ya kwanza ni rahisi: unaigusisha kwenye rangi moja, nayo inafuta kila kitu kinachokaribiana na rangi hiyo. Kwa kwaya ndiyo niitumiayo, kwa kuwa wanavaa joho la rangi nzito. Nilipoitumia kwa baba, ilikula kanzu. Penye kivuli chini ya mkono, ambapo weupe ulikuwa umechanganyika na kijani, palitokea tundu, na ndani ya tundu yakaonekana majani ya migomba. Nilipoipunguza makali, mabaki ya kitambaa yalibaki yakicheza kuzunguka kichwa chake kama ukungu.

Ya pili ni hizi mpya, ambazo haziangalii rangi kabisa. Zimefundishwa kulitambua umbo la mtu, zinakata zenyewe. Hiyo ilinidanganya kwa nusu siku. Uso ulitoka safi, koti likatoka safi. Kisha nikatazama mkono. Kwa sababu ulikuwa unatetemeka, zana haikuelewa vidole vinaishia wapi. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ilimpa vidole vitano, iliyofuata vitatu, nyingine ikamkata kwenye kifundo. Mkongojo haukuwa mtu, kwa hiyo iliufuta. Baba akaonekana ameshika hewa, na hewa yenyewe inamponyoka.

Kulikuwa na njia ya mkato. Ningeweza kuugandisha ule mkono, kuchukua fremu moja iliyotulia na kuibandika juu kwa dakika zote nne. Niliijaribu. Mama alikuwa amekuja mwisho wa wiki kumwona baba, akapita nyuma yangu na beseni la maji, akasimama.

"Mbona mkono wake hautetemeki?"

"Nimeutuliza, Mawe. Apendeze."

Aliangalia tena. "Huyo ni mwingine," alisema, akaendelea na safari yake.

Nikafuta. Nikaichukua zana ya tatu, ile ambayo wengi wetu huku hatuigusi kwa sababu ina vitufe vingi. Hiyo haitafuti rangi moja. Inapima, nukta kwa nukta, kijani kimezidi nyekundu na buluu kwa kiasi gani, na penye kiasi kidogo haifuti, inaacha nusu. Kitu kinachotikisika kinabaki na ule ukungu wake wa kutikisika. Mkono ulirudi, pamoja na mkongojo. Nywele zake, ambazo zilikuwa zimebaki chache na laini kama za mtoto mchanga, zikaonekana moja moja. Kwenye kingo za kanzu kulibaki kijani kidogo, lakini dhidi ya majani hakikuonekana. Mtu yeyote angesema ni mwanga wa shambani. Niliridhika, na kusema kweli nilijivuna. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nilimpelekea kompyuta kitandani Jumapili, baada ya mama kurudi kutoka misani. Tulimwinua kwa mito miwili. Alitazama mpaka mwisho.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Katikati akainua kidole. "Simamisha hapo."

Hakuwa anajiangalia. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kwenye mkono wake na nywele zake, naye alikuwa anatazama juu ya bega lake mwenyewe, nyuma, kwa macho ya mtu anayekagua shamba.

"Huo mgomba ni enshakala," alisema. "Mbele ya mlango wangu hakuna enshakala. Pale kuna enchoncho aliyoipanda baba."

Niliitazama tena picha.

"Na ardhi hapo imelala. Kwangu inashuka." Aliisogelea skrini. "Hapa ni Kamachumu kwa shangazi yako. Umeniweka kwa dada yangu. Kwa nini hukwenda kwangu?"

Nilikuwa na uongo wa kutosha: mvua, kamera, muda. Nilimtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, bado amevaa kitenge chake cha kanisani. Akajibu yeye.

"Imekatwa."

"Mingapi?"

"Yote. Ni mnyauko."

Baba alimgeukia mama. Kisha akauliza, "Na ile ya baba?"

"Na ile."

"Nani aliikata?"

"Mimi na majirani."

"Mlifukia?"

"Tulifukia kama afisa alivyosema."

"Panga mlipitisha kwenye moto? Kila mgomba?"

"Kila mgomba."

"Na kahawa?"

"Kahawa ipo. Imezaa."

Aliuliza maswali hayo taratibu, moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akituuliza tukitoka shule. Alipomaliza alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kuifunga kompyuta.

"Miezi mingapi mmenificha?" aliuliza, macho yamefumbwa.

"Mitano," nikasema.

"Nikilala nilikuwa nikipita shambani kwa mawazo," alisema. "Kila siku. Kuanzia mlangoni mpaka bondeni, napunguza majani, naegesha nguzo kwenye mikungu. Mmeniacha nikilima shamba lisilokuwepo."

Mama alianza kulia bila sauti. Mimi sikuweza hata kulia. Nilisema, "Tusamehe, Tata." Hakusema ametusamehe, wala hakusema hakutusamehe. Baada ya muda alisema, "Nitoe kwa shangazi yako. Niweke kwangu."

"Kwetu hakuna kitu kwa sasa."

"Kuna nyumba. Kuna kahawa. Niweke hapo."

Nikamuuliza kuhusu yale maneno ya migomba, kama angependa tuyarekodi upya. Alijaribu kukaa mwenyewe, akashindwa. "Yaache," alisema.

Siku iliyofuata jirani alikaa na baba, mimi na mama tukapanda basi la Muleba, na kutoka barabara kuu tukachukua pikipiki mbili hadi Ijumbi. Sikuwa nimefika tangu kukatwa. Nilikuwa nimesikia tu kwenye simu. Nyumba, ambayo maisha yangu yote ilikuwa imejificha ndani ya majani, ilikuwa imesimama wazi, na kwa mara ya kwanza niliweza kuiona nyumba ya jirani wa bondeni nikiwa mlangoni kwetu. Udongo mwekundu ulikuwa na vilima vidogo vidogo palipofukiwa. Mikahawa ilibaki peke yake, mirefu na myembamba, kwa sababu ilikuwa imezoea kivuli. Mama alikuwa ameanza kuchimbua sehemu ya mbele ili apande maharage. Niliweka kamera kwa urefu uleule wa kiti cha baba, nikarekodi, tukarudi mjini wote wawili.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi niliyojivunia haikuwa nzuri. Kile kijani kidogo kilichobaki kwenye kanzu, ambacho majani ya shangazi yalikificha, sasa kilikuwa mbele ya udongo mwekundu. Baba alionekana amechorwa mstari wa kijani kuanzia sikioni mpaka kwenye goti. Shavu lake la kushoto, ambalo tayari lilikuwa na manjano ya ugonjwa, lilionekana la mtu aliyekwisha kufa.

Nilimpigia simu mzee mmoja wa Mwanza aliyenifundisha kazi hii. Nilimweleza nilichojaribu chote.

"Unatafuta zana ya kumkata mtu mzima kwa mara moja," alisema. "Hakuna. Nywele zina zana yake, nguo ina yake, mkono una yake. Mgawe vipande, kila kipande ukipe kinachokifaa, halafu umuunganishe."

"Ni fremu nyingi, mwalimu."

"Ni nani huyo?"

"Ni baba."

"Basi usiwe na haraka," alisema.

Haraka ndiyo niliyokuwa nayo. Baba alikuwa ameacha kula. Nilimgawa: kichwa peke yake, kanzu peke yake, mkono na mkongojo peke yake. Kwa koti jeusi ile zana rahisi ilitosha kabisa. Kwenye kanzu niliitumia ile ya kupima, kisha nikaondoa kijani kilichobaki na kurudishia weupe kwa mkono. Mlango kati ya vyumba vyetu nilikuwa ninauacha wazi ili nimsikie. Wakati mwingine niliinama kwenye skrini nikiufuta ukingo wa sikio lake, na palepale nikamsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na nikawa siinuki mpaka nimalize fremu niliyokuwa nayo. Jambo hilo nimelifikiria sana tangu wakati ule. Nilikuwa na baba wawili, na nilitumia muda mwingi zaidi kwa yule asiyehitaji maji.

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi. Mama ndiye aliyekuwa naye. Mimi nilikuwa kwenye meza, nimefika kwenye kola ya kanzu, nikasikia mama ananiita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniita nimsaidie kutandika. Nilisema, "Nakuja, Mawe." Nikahifadhi kazi kwanza. Nilipoingia alikuwa ameshamfumba macho.

Tulimzika nyumbani, upande wa kulia wa mlango, karibu na mahali palipokuwa na ule mgomba wa babu.

Video niliimaliza baada ya msiba. Hakuna aliyenisukuma. Mdogo wangu alitaka sherehe iahirishwe, mama akakataa, akasema baba aliijua tarehe na aliikubali. Kwa hiyo baada ya Pasaka tulifunga turubai uani kwetu Ijumbi, watu wakaja, wa upande wetu na wa upande wa bwana harusi, na mimi nikaweka projekta na skrini nyeupe.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa jua. Zamani kwenye ua ule kulikuwa na kivuli mchana kutwa. Sasa mwanga uliingia chini ya turubai kutoka pande zote, na nilipowasha projekta, picha ilikuwa imepauka kiasi kwamba wale waliokaa mbele tu ndio waliomwona mtu mwenye koti. Kanzu haikuonekana. Mkono haukuonekana. Zile nywele nilizozikata moja moja kwa wiki kadhaa hakuna aliyeziona. Nilisimama kando ya spika bila la kufanya.

Sauti ndiyo ilisikika. Ua mzima ulinyamaza, hata wapishi. Alimwita mdogo wangu kwa lile jina la utotoni, naye akainamisha kichwa. Alimwambia asiwe mwepesi wa kununa, watu wakacheka kidogo kwa sababu wanamfahamu. Kisha akasema, "Hii migomba unayoiona nyuma yangu ndiyo iliyokulea."

Kwa kuwa kwenye skrini hapakuwa na cha kuona, watu waligeuza vichwa kutazama shamba lenyewe. Waliona maharage yaliyofika gotini na mikahawa michache. Kaburi lilikuwa karibu na ukuta, saruji yake bado mpya. Mzee mmoja wa upande wa wakwe aliondoa kofia. Mdogo wangu hakugeuka. Aliendelea kutazama skrini nyeupe mpaka baba alipomaliza.

Jioni, wageni walipokuwa wakiagana, alinifuata nilipokuwa nakunja nyaya.

"Ulijua maneno hayo yamo," alisema.

"Nilijua."

"Ungeyakata."

"Nilimuuliza. Alisema yaache."

Alikuwa bado amevaa gauni lake, na wanja ulikuwa umemtiririka. "Nyumbani bado ipo," alisema, akirudia maneno ya baba, na sikujua kama ananilaumu mimi au anamlaumu yeye. Kisha wakamwita kwenye gari.

Hatujalizungumza tena. Nilimtumia video kwenye simu, akaniandikia kwamba ameipata. Sijui kama ameifungua. Mama anayo pia kwenye simu yake, na yeye huitazama mchana akipumzika, ameiweka simu karibu sana na uso kwa sababu macho yake si mazuri. Mara ya mwisho nilipokuwa Ijumbi nilimuuliza anaonaje.

"Amekaa vizuri," alisema. "Kola tu imepinda upande mmoja."

Nilimwambia ninaweza kuirekebisha. Akasema niiache, kisha akaniomba nimshikie ungo, tukapepeta maharage.